Mkono wa Mtoto Ukiumia, Tazama Vidole

Umekuja siku ya kilo na mtoto mgongoni, na mkubwa wake umemwacha nyumbani pamoja na nyanya yake. Labda sasa hivi yuko juu ya mwembe. Somo letu la leo ni la mikono: mkono wa yule aliye juu ya mti, mkono wa huyu uliyemfunga mgongoni, na mwisho kidogo mikono yako wewe mwenyewe, inayolima na kutwanga na kuchota maji kila siku.

Watu wengi wanafikiri hivi: mguu ukivunjika ni jambo kubwa, maana mtu hawezi kutembea, mkono ukivunjika ni jambo dogo, atatembea tu. Basi mguu unaletwa ku hospitali siku ile ile, na mkono unakaa nyumbani juma zima. Sisi tunaona kinyume. Mtu ambaye mguu wake umepona ukiwa umepinda kidogo, bado atafika shambani na atalima. Lakini mtu ambaye vidole vyake vimekufa hawezi kushika jembe, wala kalamu, wala nyundo ya kuvunjia mawe kule machimboni, wala kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Mkono ni chakula cha mtu.

MTOTO AMEANGUKA KUTOKA MTINI

Hapa Kailo watoto wanaanguka zaidi wakati maembe yanapoiva. Wengine wanaanguka toka mchikichi, wengine toka kinga ya baba, wengine kwenye shimo la machimbo lililoachwa wazi. Mtoto anapoanguka, mwili wenyewe unatoa mkono mbele ili kuokoa kichwa. Kiganja kinagonga chini, na uzito wote unapanda mpaka kwenye kiwiko. Sasa, mfupa wa juu wa mkono, pale karibu kabisa na kiwiko, ni mwembamba sana kwa mtoto wa miaka 5 mpaka 8. Unavunjika pale.

Kwa nini tunauogopa mfupa huu kuliko mingine? Juu ya kile kinachopita mbele yake. Hapo mbele ya kiwiko unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu ku vidole, pamoja na mishipa ya fahamu, ile inayovifanya vidole visikie na kusogea. Mfupa uliovunjika una ncha kali. Unaweza kuubana mshipa huo au kuuchoma. Hata kama haukuuchoma, kiwiko kinavimba sana, na nyama ya mkono chini yake inavimba pia.

Hapo ndipo inakuja hatari ambayo tunaiweza sisi watu kuizuia. Nyama ikivimba ndani inataka nafasi. Kama mkono umefungwa kwa nguvu na vijiti na kamba, nafasi hakuna. Uvimbe unageuka na kuibana mishipa ya damu humo ndani. Nyama isiyopata damu kwa muda wa saa sita hivi inaanza kufa. Fanya hesabu wewe mwenyewe: mtoto aliyefungwa vibaya saa mbili ya asubuhi, kufika saa nane ya mchana nyama yake inakufa. Nyama iliyokufa hairudi. Inakauka kama kamba iliyoanikwa juani, inajikunja, na inavivuta vidole viingie ndani ya kiganja sawa makucha ya ndege.

Jambo hili si la watu wa Afrika peke yao, wala si ushirikina. Mwaka 1881 munganga mmoja wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliandika juu ya mikono ya namna hii aliyoiona kule kwao, nayo ilikuwa imefungwa na wanganga wa hospitali. Alionyesha kwamba bandeji iliyokazwa ndiyo iliyofunga njia ya damu. Mpaka leo wanganga wanaliita tatizo hili kwa jina lake.

Nikuelezee juu ya mtoto mmoja. Alikuwa na miaka 7. Alianguka mwembeni, akafungwa vijiti toka begani mpaka kwenye kiganja, kwa kamba ya gome la mti. Mzee aliyemfunga alikuwa mtu mpole, mwenye kuheshimiwa, na hakuomba feza. Mtoto alilia usiku wa kwanza, akalia usiku wa pili. Siku ya tatu akanyamaza. Ndugu walifurahi, wakasema, basi dawa imeshika, sasa anapona. Siku ya tano mama yake aliona vidole vina rangi ingine, akamleta.

Mama, kimya kile ndicho kilichokuwa kibaya kuliko kilio. Mtoto hakunyamaza juu ya kupona. Alinyamaza kwa sababu mishipa ya fahamu ilikuwa imekufa, na mkono haukusikia kitu tena. Mfupa wenyewe ulishikana, ndiyo, mfupa wa mtoto hushikana upesi. Lakini mkono ulibaki kama makucha. Leo anaandika kwa mkono wa kushoto.

VIDOLE VINASEMA

Ndiyo maana tunasema: tazama vidole. Mkono ukiwa umeumia, ukifungwa na mtu yeyote, awe mzee wa kijiji, awe infirmiye, awe munganga mkubwa wa Kindu, wewe mama ndiwe mlinzi wa vidole. Usiku wa kwanza na wa pili usilale mfululizo. Amka, washa taa, tazama.

Kwanza uliza juu ya maumivu. Mfupa uliovunjika unauma, lakini ukishafungwa vizuri na kutulia, maumivu yanapungua. Kama yanazidi badala ya kupungua, ni ishara mbaya. Kisha shika vidole vyake polepole na uvinyooshe. Kama akilia sana kwa kunyooshwa tu, hiyo ni ishara ya mapema kabisa, inatangulia zingine zote. Gusa vidole: ni vya baridi kuliko vya mkono mwingine? Tazama kucha na kiganja, kwani ku ngozi yetu nyeusi rangi haionekani vema mahali pengine: vimekuwa vyeupe au vya bluu? Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, halafu achia. Rangi nyekundu inapaswa kurudi kabla hujamaliza kusema «moja, mbili». Mwambie asogeze vidole. Mguse kwa majani au kwa kitambaa huku amefumba macho, akuambie kama anasikia.

Ukiona hata ishara moja, fungua kamba. Fungua zote, vijiti, nguo, kila kitu, usiku huo huo. Usingoje kumwita aliyefunga, usione haya. Mfupa uliofunguliwa unaweza kufungwa tena kesho. Nyama iliyokufa hakuna wa kuifufua. Kama ni plasta, ile chokaa nyeupe ya hospitali, huwezi kuifungua wewe: inua uende ku kituo cha afya saa ile ile, na uwaambie neno moja tu, «vidole». Infirmiye mwenye akili atakata plasta mara moja. Akikuambia ungoje asubuhi, kaa pale mlangoni mpaka afanye. Hatutakasirika.

KABLA YA KUFIKA KU HOSPITALI

Usivute mkono, usiunyooshe, usijaribu kurudisha mfupa. Uache vile ulivyoukuta, umepinda kidogo. Toa bangili, shanga na nyuzi zote za ku mkono huo upesi kabla haujavimba. Kama una ganda la shina la mgomba, ni zuri sana, maana ni gumu lakini lina ulaini ndani. Katoni nzito inafaa pia. Weka kitambaa katikati ya ngozi na ganda, kisha funga kwa vipande vya nguo, juu na chini ya pale palipoumia, si juu ya jeraha lenyewe. Kidole chako kipite chini ya fundo bila shida. Ncha za vidole vya mtoto zibaki nje uzione. Halafu chukua kitenge, ukunje pembe tatu, umfungie shingoni, mkono ulale ndani yake.

Unaweza kumpa parasetamoli na maji kidogo. Chakula kizito usimpe njiani, kwani huenda munganga akataka kumpa dawa ya usingizi ili aweke mfupa mahali pake, na tumbo lililojaa ni hatari wakati ule.

Kama mfupa umetokea nje au kuna kidonda mahali pa kuvunjika, usitie majivu wala udongo wala majani. Funika kwa kitambaa safi, uende leo, si kesho. Mtoto huyo anahitaji dawa ya kuua vijidudu na sindano ya pepopunda. Njia ya kwenda Kindu wakati wa mvua tunaijua wote, haina haja ya kuelezwa. Ndiyo sababu ni lazima kuondoka mapema, maana kituo cha karibu kitamfunga vizuri na kuanza dawa, halafu ndipo safari.

JUU YA KUKANDA

Tunajua nyumbani mkono ukiumia unakandwa, kwa maji ya moto na mawese. Mama anakanda, nyanya anakanda, hata jirani anakuja kusaidia. Ni upendo. Lakini kiwiko kilichovunjika au kuteguka kisikandwe kabisa. Kiwiko kikikandwa kwa nguvu, damu inamwagika ndani ya nyama, na mwili unatengeneza mfupa mpya katikati ya nyama, mahali usipopaswa kuwa. Kiwiko kinafunga kama mlango ulioshika kutu, wala hakipindi wala hakinyooki. Na yule anayekandwa ili kifunguke anazidi kufunga.

Je, tunawakataa wazee wanaofunga mifupa? Hapana. Tumeona mifupa ya mikono, hasa ile mifupa miwili ya chini ya kiwiko, na mfupa wa mtulinga ulio kati ya shingo na bega, iliyopona vizuri mikononi mwao. Tusiseme uongo. Lakini mama akienda kwa mzee, amwombe mambo matatu kwa adabu: asikaze kamba, aviache vidole wazi, asichanje ngozi kwa wembe. Mzee mwenye ufundi wa kweli atakubali. Na kiwiko usikipeleke huko. Kiwiko ni cha kupigwa radio, yaani picha ya mfupa, na kuangaliwa na munganga.

PLASTA IMETOLEWA, SASA?

Hapa wengi wanatuponyoka. Siku ya kutoa plasta wanafurahi, wanakwenda, hatuwaoni tena. Lakini kwa mkono, siku ile ni nusu ya njia.

Mtulinga wa mtoto unakaa katika kitambaa cha shingoni majuma 3 hivi. Utaona donge kama yai dogo pale uliposhikana. Usiogope, linapungua lenyewe mwezi kwa mwezi. Kiwiko hukaa ndani ya plasta majuma 3 au 4. Mifupa miwili ya chini hukaa majuma 6 hivi. Wakati wote huo, tangu siku ya kwanza, mtoto afunge na kufungua vidole, kama anayekamua nguo, mara 10 kila saa akiwa macho. Na ainue bega mpaka juu ya kichwa, kama halikuumia. Plasta imefunga mahali pamoja tu. Mahali pengine pasilale.

Plasta ikitoka, utaona mkono mwembamba, ngozi inatoka magamba, na kiwiko kimekaza. Mama anashtuka, anasema wameniharibia mtoto. Hapana, ndivyo ilivyo. Sasa, nani atakifungua kiwiko hiki? Si wewe mama. Si mjomba mwenye nguvu. Wala si ndoo ya maji ya kumbebesha eti ivute mkono unyooke. Desturi hii tumeikuta sehemu nyingi, na inarudisha nyuma. Kiwiko kitafunguliwa na mtoto mwenyewe, polepole, kwa kucheza na kutumika.

Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, na ndani ya maji apinde na anyooshe mkono yeye mwenyewe. Ale kwa mkono huo, hata kama mwanzo kijiko hakifiki mdomoni na sombe inamwagika. Achambue mchele. Akamue kitambaa kidogo. Arushe mpira wa majani ya ndizi. Ajaribu kugusa bega lake, halafu sikio, halafu mgongo. Mara tatu au nne kila siku, kidogo kidogo. Maumivu madogo hayana neno, lakini akilia au kiwiko kikivimba jioni, umezidisha.

Tena fanya hivi, mama, ni jambo dogo lakini linasaidia sana. Msimamishe karibu na ukuta, anyooshe mkono juu kadiri anavyoweza, na pale vidole vinapofika uweke mstari kwa makaa. Kila siku ya kilo, au kila jumapili jioni, weka mstari mwingine. Kiwiko kinakwenda polepole, miezi mitatu, miezi sita, na mtu anakata tamaa kwa sababu haoni. Mistari itakuonyesha. Ikisimama mahali pamoja mwezi mzima, mlete kwa yule tunayemwita kine, fundi wa mazoezi ya viungo. Kupanda miti, angoje miezi mitatu. Tunajua atapanda kabla.

ULIMVUTA MKONO, NAYE HATAKI KUUTUMIA

Hili ni la watoto wa mwaka 1 mpaka 4, na linatisha kuliko lilivyo. Mmevuka mto, au mnapita kwenye matope, ukamnyanyua kwa mkono mmoja. Alilia kidogo. Tangu hapo mkono unaning'inia kando yake umepinda kidogo, hataki kuusogeza, lakini hakuna uvimbe wala hakuanguka. Kichwa cha mfupa mdogo pale kwenye kiwiko kimetoka kidogo ndani ya utepe unaokishika. Infirmiye anayejua anakigeuza kwa mwendo mmoja tu, inasikika «ta!», na baada ya dakika chache mtoto anapokea ndizi kwa mkono ule ule. Usimnyanyue tena kwa mkono. Mshike chini ya makwapa. Na kama alianguka, au pamevimba, usikubali mtu akigeuze kabla ya radio.

MTOTO MCHANGA MWENYE MKONO ULIOLEGEA

Hapa nataka ukae vizuri unisikilize, hasa wewe uliyezaa karibuni.

Mara ingine mtoto ni mkubwa, kichwa kinatoka, mabega yanakwama. Mzalishaji anafanya haraka kumwokoa, kwa sababu mtoto anakosa hewa. Mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi inavutika. Mtoto anazaliwa mzima, analia, ananyonya, lakini mkono mmoja umelala kando ya mwili, umenyooka, umegeukia ndani, na kiganja kinatazama nyuma. Mikono yote miwili ya mtoto mzima inaruka anaposhtuka. Huyu unaruka mmoja.

Ndugu wanaanza maneno. Wengine wanasema mama alikula nyama ya mwiko, wengine wanasema ni jicho la mtu. Mama, si wewe. Hukulala vibaya, hukula vibaya, hakuna aliyekuloga. Ni mshipa uliovutika, kama kamba ya kisima iliyovutwa sana bila kukatika. Watoto walio wengi wanapona, wengine katika majuma machache, wengine katika miezi. Lakini wakati mshipa unapona, viungo visilale, kwani vikikaza, mshipa utarudi na kukuta mlango umefungwa. Kazi ya kuvilinda viungo ni yako.

Kwanza mlete tumwangalie, maana mara ingine mtulinga umevunjika pia. Juma la kwanza mkono upumzike, umelazwa juu ya tumbo lake. Baada ya siku 10 hivi, infirmiye akikubali, anza mazoezi. Kila unapombadilisha nguo, fanya kila zoezi mara 5 mpaka 10, polepole sana, ukimwimbia. Mlaze chali. Inua mkono wake mpaka kando ya sikio, urudishe. Kisha, hili ndilo kubwa kuliko yote: shikiza kiwiko chake ubavuni, kikiwa kimepinda, na ugeuze mkono wa chini uende nje, mbali na tumbo, kama mlango unaofunguka. Pinda kiwiko, nyoosha kiwiko. Geuza kiganja kitazame juu kama anayepokea kitu. Fungua vidole kimoja kimoja. Ukisikia mahali pamekataa, simama hapo, usisukume.

Ukimvisha nguo, anza na mkono mdhaifu. Ukimvua, maliza nao. Ukimbeba mgongoni, mkono ule uwe mbele, umepinda juu ya mgongo wako ndani ya kitenge, usining'inie nje. Ukimnyonyesha, ushike usidondoke nyuma. Usimnyanyue kwa makwapa mpaka miezi ya kwanza ipite. Tia mkono mmoja chini ya matako na mmoja nyuma ya kichwa. Na anapoanza kucheza, mguse kiganja kile kwa kitu cha kulia, kwa unyoya, kwa kitambaa chenye rangi, ili asisahau kwamba ana mkono wa pili.

Halafu weka tarehe kichwani, au mwambie infirmiye aandike kwenye karata ya kilo: siku atakapotimiza miezi 3. Siku hiyo tazama kama anaweza kupinda kiwiko peke yake na kupeleka mkono mdomoni. Kama anaweza, endelea. Kama hawezi kabisa, aandikiwe barua ya kwenda ku hospitali kubwa, kwa sababu kuna wanganga wanaotengeneza mishipa, nao hufanya kazi nzuri zaidi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Mwaka wa tatu ni kuchelewa.

HAKUANGUKA, HAKUVUTWA, LAKINI MKONO HAUSOGEI

Mtoto ana homa, analia ukimgusa mkono, hautumii, pengine pamevimba na pana moto. Usikande, usichanje, usiseme ni malaria tu. Huenda kuna usaha ndani ya mfupa au ndani ya kiungo. Dawa zipo, za majuma mengi, lakini siku za kwanza ndizo zinazookoa kiungo. Mlete leo.

Na kuna ugonjwa mwingine unaojionyesha kwanza kwenye mikono. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 2, vidole vya mikono yote miwili, pengine na vya miguu, vinavimba kwa ghafula na vinauma sana. Hii mara nyingi ni ile anemi tunayoita SS. Inatoka kwa baba na kwa mama pamoja, sehemu moja moja, hata kama wote wawili ni wazima, basi asilaumiwe mmoja. Katika nchi yetu ya Kongo wako watoto wengi sana wa namna hiyo. Mpe maji mengi, mfunike apate joto, parasetamoli, umlete apimwe damu. Mtoto wa SS akijulikana mapema anakua, anasoma. Asiyejulikana anakandwa na kuchanjwa mpaka damu inakwisha.

MKONO ULIOUNGUA

Maji baridi na safi, yamwagike juu yake dakika 20. Si mawese, si dawa ya meno, si majivu. Kitu kinachosahauliwa ni hiki: vidole vilivyoungua vikifungwa pamoja vinashikana na kuwa kimoja. Kila kidole kifungwe peke yake. Kama kiganja ndicho kilichoungua, usiku mkono ulale wazi juu ya ubao uliofunikwa kitambaa, vidole vimenyooka, kwani kovu linavuta wakati wa usingizi, na linaendelea kuvuta hata mwaka mzima baada ya kidonda kukauka.

NA MIKONO YAKO, MAMA

Ukiwa na mimba, au unaponyonyesha, vidole vikikufa ganzi usiku, hasa gumba na viwili vinavyofuata, funga kifundo cha mkono kwa kipande cha katoni na kitambaa kabla ya kulala, kisipinde. Mara nyingi hali hii inakwisha baada ya kuzaa. Ukisikia maumivu upande wa gumba kila unapomnyanyua mtoto, ni kwa sababu unamnyanyua na magumba yamefunguka juu, mara 50 kwa siku. Badili, tia viganja chini yake kama unayechota unga, na pumzisha gumba hilo kwa kitambaa majuma 3.

Bega linalouma kwa kutwanga mpunga: shikilia meza kwa mkono mzima, inama, uache mkono unaouma uning'inie na kuzunguka wenyewe kama kengele, dakika chache asubuhi na jioni. Na mchi mpe binti au mume kwa siku chache. Waume wa Kailo wanaweza kutwanga, tumewaona.

Mwiba ukiingia kidoleni shambani, au jiwe likikugonga machimboni, na usiku kidole kinapiga tu-tu-tu mpaka hulali, usingoje kipasuke chenyewe. Usaha wa kidole unakula mfupa. Njoo asubuhi, kabla ya kwenda shamba, na mtoto wa mwembeni mlete naye pia, tumtazame vidole.